Namna ya Kukimbia kwa Kihispania Bila Kutoka Jasho

Kwanza kabisa, vua raba. Viatu vya mbio havitakufaa hapa, kwa kuwa kitenzi run cha Kiingereza hakina shughuli kubwa na miguu. Mwingereza akiamka asubuhi hufungua bomba, maji yaka-run. Anapenga kamasi kwa sababu pua yake ina-run. Anapanda basi ambalo lina-run kila baada ya dakika 20, anaingia kwenye ofisi ambayo bosi wake ndiye anayei-run, anawasha kompyuta ambayo programu yake imekataa ku-run. Jioni anarudi nyumbani, sukari ime-run out na mtoto ana-run homa. Siku nzima ni mbio tupu, na mwenyewe hajatembea zaidi ya mimi na wewe.

Watunzi wa Oxford English Dictionary wanalijua tatizo hili vizuri. Walipokuwa wakitengeneza toleo la tatu, mhariri Peter Gilliver ndiye aliyepewa kazi ya kitenzi hiki. Kilimla zaidi ya miezi 9, na alipokimaliza kilikuwa na maana 645. Hapo kikakipita kitenzi set, ambacho katika toleo la pili la mwaka 1989 ndicho kilichokuwa na maelezo marefu kuliko neno lolote la kamusi hiyo. Hesabu mwenyewe: ukijifunza maana moja kwa siku, bila kupumzika Ijumaa wala Jumapili, bila Idi wala Krismasi, utahitaji mwaka mzima na miezi 9. Na hapo hujagusa Kihispania.

Sasa Kihispania kinaingiaje? Kinaingia kwa mlango mbaya. Mswahili anayetaka kujifunza lugha hiyo, iwe kwa kazi ya kuongoza watalii, kwa masomo, au kwa mapenzi tu ya mpira wa Hispania na Argentina, kwa kawaida hukutana na kitabu au programu ya simu iliyoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wenye Kiingereza. Ukurasa wa kwanza wa vitenzi unamwambia kwamba run ni correr. Anaandika daftarini, anafurahi, halafu anaanza kuharibu. Anasema pua yake "corre", na msikilizaji wa Madrid anaitazama ile pua kama inataka kutoka nje ya mlango. Anasema mjomba wake "corre" kampuni, na watu wanajiuliza kampuni hiyo inafukuzwa wapi. Kukifikia Kihispania kwa njia hii ni sawa na kutoka Unguja kwenda Pemba kwa kupitia Mombasa: utafika, ila umechoka na mzigo umelowa.

Mwongozo huu una sharti moja. Ukikutana na run, kabla ya kuigeuza, iseme kwanza kwa Kiswahili kama ungemwambia mama yako. Ukishasema, tafuta Kihispania cha hicho ulichokisema, na ile run iache ilipo. Sharti ni dogo, lakini nimeona linavyookoa watu.

Tuanze na mambo rahisi, yale ambayo Kihispania nacho hukimbia. Maji hukimbia: corre el agua. Maji ya bomba ni agua corriente, yale ambayo matangazo ya afya kwetu huyaita maji tiririka. Uvumi nao hukimbia, corre el rumor, ingawa kwetu uvumi huenea au huzagaa. Muda hukimbia kwa Kihispania kama unavyokimbia kwa Kiswahili. Hata miaka hukimbia: msimulizi wa hadithi za kale wa Kihispania hupenda kuanza kwa "Corría el año 1492", yaani mwaka 1492 ulikuwa ukikimbia, pale ambapo sisi tungesema tu ilikuwa mwaka 1492. (Mwaka huo huo Antonio de Nebrija alitoa sarufi ya Kikastilia, yaani Kihispania chenyewe, basi kama kuna mwaka ambao Kihispania kina haki ya kuukimbiza, ni huo.) Na mtu aliye hatarini hukimbia hatari yake: corre peligro. Hapo Mwingereza na Mhispania wanaelewana, na wewe jiunge nao bila wasiwasi.

Ukifika kwenye mashine, simama. Saa ya Mwingereza hukimbia. Saa ya Mhispania hutembea: el reloj anda, na ikiharibika, no anda. Saa yetu inakwenda, au haiendi. Injini ni vilevile: ya Mwingereza ina-run, ya Mhispania anda au funciona, au iko en marcha, yetu inafanya kazi, inanguruma, inakwenda. Mwenye Kiswahili hapa ana bahati asiyoijua, maana "inakwenda" iko karibu zaidi na andar kuliko run ilivyo. Ukipita kwenye saa mbovu kwa njia ya Kiswahili, unafika kwa Mhispania kwa hatua moja. Ukipita kwa Kiingereza, unaambiwa saa inakimbia, unatafuta correr, na unamwachia fundi wa Bogotá kazi ya kukisia unataka nini.

Programu za kompyuta ni kesi ya peke yake. Kitabuni utaambiwa ejecutar un programa. Amerika ya Kusini wengi husema pia correr un programa, kwa kuwa kompyuta zilikuja na Kiingereza chake mfukoni. Sisi tunaendesha programu. Tumia ejecutar ukiandika, na ukisikia correr, elewa na usimsahihishe mtu.

Hilo neno kuendesha lipewe heshima yake, kwa sababu ndilo pacha wa kweli wa run. Tunaendesha gari, tunaendesha baiskeli, tunaendesha mkutano, tunaendesha duka, tunaendesha nchi. Mwingereza naye ana-run duka na ana-run mkutano. Na ule ugonjwa wa tumbo ambao Waingereza huuita the runs, kwetu ni tumbo la kuendesha. Mtoto akiugua tunasema anaendesha. Lugha mbili ambazo hazina nasaba zimefika mahali pamoja, ofisini na chooni. Kwa Kihispania, hata hivyo, usijaribu kutumia kitenzi kimoja kwa yote. Kampuni kubwa ina mtu anayei-dirigir. Mali na fedha hu-administrar. Duka la mtaani, kinyozi, mgahawa wa familia: hapo Mhispania hutumia llevar, kitenzi cha kubeba, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Lleva una tienda: analibeba duka. Yeyote aliyewahi kukaa na mama anayefungua genge saa 11 alfajiri, akapanga nyanya mafungu mafungu, akaandika madeni ya majirani kwenye daftari la kurasa nne, akafunga saa 4 usiku, anaelewa mara moja kwa nini duka hubebwa. Na la tumbo, mwambie daktari diarrea na uishie hapo. Asiyependa kulitaja waziwazi husema tumbo limelegea, suelto del estómago.

Uchaguzi. Hapa kejeli yote imfikie Mwingereza, maana hata wenye lugha yake hawakubaliani. Marekani mgombea ana-run. Uingereza mgombea ana-stand, anasimama. Mmoja mbio, mwingine wima, na wote wanatafuta kura. Hispania mgombea hujileta mbele, se presenta. Amerika ya Kusini hujipendekeza rasmi, se postula. Sisi tumekuwa wakweli kuliko wote: tunagombea, kwa kitenzi kilekile cha watoto wanaogombea maandazi. Chama nacho humsimamisha mgombea, kama Uingereza. Yule ambaye Mmarekani humwita mwenzake wa mbio, kwetu ni mgombea mwenza, na Amerika ya Kusini ni compañero de fórmula. Ukimtafsiria mtu wa Peru habari za uchaguzi wa Kenya, mgombea mwenza wako tayari ana jina lake kule, usimvalishe raba.

Sasa njoo kwenye sehemu ninayoitaka uisome polepole: kuishiwa.

Mwingereza akikosa sukari husema sukari ime-run out, au yeye ndiye ame-run out wa sukari. Mwanafunzi wa haraka hutafuta "kukimbia nje", akaandika kitu cha correr fuera, na sukari inaonekana imetoroka na mume wa mtu. Mhispania husema se me acabó el azúcar. Itazame sentensi hiyo kwa macho ya Kiswahili. Acabó ni kuisha. Ile me iliyopachikwa katikati ni mimi, niliyepatwa na jambo. Yaani: sukari imeniishia. Neno kwa neno, na kiungo kwa kiungo! Ile -ni- ya imeniishia ndiyo ile me. Pesa zimeniishia: se me acabó el dinero. Muda umetuishia: se nos acabó el tiempo. Na kama unataka kusema umeishiwa, ukijiweka wewe mbele ya sentensi, Mhispania analo hilo pia: me quedé sin gasolina, nimebaki bila petroli, nimeishiwa mafuta.

Kuna zaidi. Katika zote mbili, lugha inampa mtu nafasi ya kuwa kwenye tukio bila kubebeshwa lawama. Sikuimaliza sukari mimi, imeniishia. Mhispania huitumia hivyo hivyo kwa ufunguo uliompotea na glasi iliyomvunjikia: se me perdió, se me rompió. Nasi tunasema kikombe kimenivunjikia, funguo zimenipotea. Mzungumzaji wa Kiingereza hupewa kurasa na kurasa za sarufi kuielewa hiyo me, anafanya mazoezi, anakosea tena. Mswahili amezaliwa nayo. Lakini kwa kuwa anasoma kitabu cha mwingine, hakuna anayemwambia. Analipishwa ada ya somo alilolijua tangu ananyonya, na hili linaniuma kuliko makosa yote ya pua zinazokimbia.

Baada ya hapo, ajali. Run over ni kugonga kwa gari: atropellar. Run into inaweza kuwa gari lililogonga ukuta, chocar contra, au mtu aliyekutana ghafla na rafiki yake, toparse con, encontrarse con. Zitenganishe. Me topé con mi profesor en el mercado maana yake nilikumbana na mwalimu wangu sokoni. Ukiitafsiri run into kwa kukurupuka unaweza kumgonga mwalimu sokoni na kulazimika kumpeleka hospitali ndani ya sentensi ileile.

Mafua: Mhispania ana mocos, au pua yake inadondosha, le gotea la nariz. Sisi tunatoka kamasi. Homa: tiene fiebre, ana homa, na hakuna anayekimbia. Tamthilia ya Agatha Christie, The Mousetrap, ambayo ilianza kuonyeshwa London mwaka 1952 na kusimamishwa na korona mwaka 2020 kabla ya kurudi jukwaani, kwa Mwingereza ina-run. Kwa Mhispania sigue en cartelera, bado ipo kwenye mabango. Taa nyekundu: Hispania dereva huiruka, se salta el semáforo, Meksiko husema se pasó el alto, ameipita alama ya simama. Yote haya ni ya kukariri, sina dawa nyingine.

Rangi inataka maneno machache zaidi. Umenunua khanga mpya, nyekundu iliyokolea, ukaitumbukiza kwenye beseni pamoja na shati jeupe la shule. Ulipoambiwa uiloweke kwanza kwenye maji ya chumvi hukusikia. Sasa maji ya beseni ni kama rosela, na kola ya shati imekuwa ya waridi. Mwingereza atasema rangi ime-run. Sisi tunasema khanga imechuja. Mhispania anasema destiñe, inapoteza rangi yake. Lakini wanja na mascara zikishuka mashavuni kwa machozi ya harusini, Mhispania anakumbuka mbio zake: se me corrió el rímel. Nguo huchuja, wanja hukimbia. Usimuulize kwa nini.

Soksi nyembamba za kike zikifumuka, Mmarekani huuita mstari ule run, Mwingereza huuita ngazi, na Hispania ni carrera, mbio. Hilo ni moja ya maeneo machache ambako Mmarekani angebahatisha na kupata.

Sasa geuza mwongozo juu chini, kwa sababu correr nacho kina safari zake ambazo run haizijui. Ukiona kwenye kibao cha ofisi "corredor de seguros", usitafute kombe la marathoni. Ni dalali wa bima. Ukialikwa chakula na mwenyeji akasema la cena corre de mi cuenta, tulia ule: anasema chakula cha leo juu yake. Hispania ukiambiwa corre prisa, jambo ni la haraka. Meksiko ukisikia lo corrieron del trabajo, masikini amefukuzwa kazi, na hapo tena Kiswahili kinakufikisha bila nauli, maana kufukuza kwetu ni kukimbiza na ni kuachisha kazi, kama correr yao.

Onyo moja la adabu. Chile na nchi nyingi za Amerika ya Kusini, córrete ni "sogea", na unaweza kumwambia hata bibi kwenye benchi la kituo cha basi. Hispania, correrse ina maana ya chumbani, ya watu wazima, na ukimwambia bibi wa Sevilla kituoni utashuka kabla ya basi kuja. Kule tumia muévete, au échate a un lado. Kamusi nyingi za mfukoni hazikuambii hili, nami naona aibu kwa niaba yao.

Benki nazo hukimbiliwa. Septemba 2007, wenye akiba katika benki ya Northern Rock ya Uingereza walipanga foleni barabarani kutoa pesa zao, na magazeti yakaiita bank run. Picha zinaonyesha watu wamesimama tu. Argentina jambo hilo huitwa corrida bancaria, na lilipowapata mwaka 2001 serikali iliweka kikomo cha fedha ambazo watu wangeweza kutoa, zuio lililobatizwa corralito, kizuizi kidogo cha kuchezea mtoto. Kwa Kiswahili ningesema watu walikimbilia benki. Kile kiambishi cha kutendea kinafanya kazi kubwa: kukimbia ni kuiacha hatari nyuma, kukimbilia ni kuielekea salama. Kiingereza kinahitaji maneno mawili matatu kulisema hilo.

Mahali pamoja tu raba zinahitajika kweli, na hapo ndipo Mhispania amekataa kutumia correr kwa jina. Kila asubuhi kuanzia tarehe 7 hadi 14 Julai, saa 2 kamili, mji wa Pamplona hufungulia mafahali wapite mitaani, mwendo usiofika mita 900, hadi kwenye uwanja wa mapambano ya ng'ombe, huku mamia ya watu wakikimbia mbele yao kwa nguo nyeupe na vitambaa vyekundu shingoni. Ernest Hemingway aliwapeleka wasomaji wa Kiingereza huko kwa riwaya yake The Sun Also Rises ya mwaka 1926, na Waingereza wanaiita mbio za mafahali. Wenyeji huiita encierro: kufungia zizini. Mgeni anaona miguu. Mfugaji anaona mifugo inayotakiwa kufika bandani. Hata correr haijafutika kabisa mjini, maana yale mapambano ya jioni uwanjani ni corrida.

Sisi tunacho kinyume chake. Tanzania tuna Mbio za Mwenge, na wakimbiza mwenge wanajulikana kwa cheo hicho, wakati safari ndefu kati ya wilaya na wilaya Mwenge huenda kwa gari. Mtu akikuuliza kwa Kihispania, hapo usimpe encierro. Mpe correr, llevar, yote mawili, na umweleze. Kumbuka pia kwamba 7 Julai, siku mafahali wa Pamplona wanapofunguliwa kwa mara ya kwanza, ni Siku ya Kiswahili Duniani.

Kihispania na Kiswahili vyote ni lugha rasmi za Umoja wa Afrika, na bado ni nadra kuvikuta vinakaa ukurasa mmoja bila Kiingereza kukaa katikati kama mkalimani. Basi ombi langu ni kwako mwalimu unayefundisha Kihispania kwa wanafunzi wenye Kiswahili. Wiki ijayo, utakapofika kwenye correr, chora safu mbili ubaoni. Ya kwanza andika sukari imeniishia, saa haiendi, analibeba duka, amefukuzwa kazi. Ya pili waachie wao waijaze. Ile safu ya Kiingereza usiichore kabisa.